Pikipiki ni Yangu, Mtaa ni Wetu

Neno "yangu" ni fupi lakini kesi yake ni ndefu. Muulize kijana wa boda pale Mwembe Tayari kama pikipiki aliyoikalia ni yake, atakwambia ndiyo kabla hujamaliza swali. Sasa muulize logibuku iko wapi. Ya huyu iko kwa aliyemkopesha, na haitoki huko mpaka shilingi ya mwisho iingie. Ya yule iko kabatini kwa tajiri, na kila jioni lazima apeleke hesabu ya siku. Kwa karatasi, hakuna mwenye pikipiki kati yao. Lakini wote wanasema "pikipiki yangu" na hakuna anayewacheka, kwa sababu wao ndio wanaojua ikikohoa asubuhi inadai nini, wao ndio wanaoipangusa, na ikianguka wao ndio wanaoinuka na magoti yaliyochunika.

Kwa hiyo kuna umiliki wa karatasi na kuna umiliki wa mikono. Huu wa pili ndio unaonisumbua. Ninaishi Kibokoni, Mji wa Kale, na pikipiki yangu, 150cc ya stata na kiki, hulala chini ya ngazi za nyumba tunayokaa familia nne. Mimi si fundi, mchana nakaa ofisini. Lakini Jumapili asubuhi natandika gunia, natoa spana, na mpaka adhuhuri mikono imekuwa myeusi. Miaka ya kufanya hivi imeniachia swali moja. Kama kitu ni changu kwa sababu nakijua na kukitunza, je, hilo linanipa ruhusa ya kukigeuza nitakavyo?

Tuanze na kutunza, maana hapo ugomvi ni mdogo.

Boda boda ilianza kwa baiskeli, mpakani Busia, miaka ya 1960, ikivusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda. Pikipiki zilifurika baadaye sana, hasa baada ya serikali kuondoa VAT kwa zile za chini ya 250cc mwaka 2008. Siku hizi Boxer au TVS mpya mara nyingi huja na kitufe cha stata upande wa mkono wa kulia, na kiki ikabaki pale pale kama akiba. Kwa mtu wa boda kitufe kile si anasa. Una abiria nyuma, ana mtoto mapajani na kikapu cha Marikiti begani, injini imekuzimikia katikati ya mikokoteni. Ukipiga kiki nyote mnayumba. Ukibonyeza kitufe, mnaondoka.

Adui wa stata hapa kisiwani ni chumvi. Uje upepo wa kusi au wa kaskazi, bahari iko hapo karibu, na chumvi yake inajipenyeza kwenye viungo vya nyaya mpaka shaba inaota kutu ya kijani. Stata hula umeme mwingi kwa muda mfupi, kwa hivyo hata kutu nyembamba kama ganda la kitunguu inatosha kuuzuia. Ukibonyeza ukasikia "tak" moja halafu kimya, usikimbilie dukani kununua betri. Ipime kwanza. Betri ya volti 12 iliyoshiba na kupumzika husoma kama 12.6 au zaidi. Ikisoma hivyo na stata bado haizunguki, weka ncha moja ya mita kwenye upande hasi wa betri na nyingine kwenye chuma cha injini, kisha bonyeza tena. Mita ikipita nusu volti, shida iko kwenye waya unaorudisha umeme kutoka injini hadi betri. Unaufungua, unapiga msasa mpaka chuma king'ae, unakaza, unapaka vaselini. Gharama yake karibu sufuri. Ukisikia mota inalia kwa kasi lakini injini haigeuki, betri haina hatia, klachi ya stata ndiyo inayoteleza. Na mota ikiwa inaamka tu ukiigonga kwa mpini wa bisibisi, shuku kaboni zake, huenda zimeisha.

Naona adabu fulani katika kazi hii. Chuma hakibembelezwi wala hakihongwi. Huwezi kukiambia una cheo ofisini. Kinakutaka ukisikilize, uamini unachokisikia hata kama hakikupendezi, kisha ukifanyie kinachostahili, si kile kilicho rahisi. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kila mwenye pikipiki anaijua tafsiri yake: usipokaza nati leo, kesho utanunua injini. Anayetunza vizuri anajifunza subira bila kuhutubiwa.

Mmarekani Robert Pirsig alizunguka mambo kama haya katika kitabu alichokitoa 1974, Zen and the Art of Motorcycle Maintenance. Kuna mahali usukani wa pikipiki ya rafiki yake, BMW ya bei, umelegea, na msimulizi anajitolea kuukaza kwa kipande cha bati la kopo la bia. Rafiki anaona ametukanwa. Kopo la bia kwenye BMW! Msomaji wa Mombasa anacheka hapo, kwa sababu kwetu hilo si tusi, ni Jumatatu ya kawaida. Sisi ni watu wa jua kali. Koroboi yetu ilitoka kwenye kopo, na jiko letu lilikatwa kwenye bati la mtu mwingine.

Pirsig alikuwa akibishana na watu wanaoogopa kufungua. Sisi hatuogopi kufungua. Mpe kijana wa hapa spana namba kumi na saa moja, atakurudishia pikipiki nyingine. Kwa hivyo swali letu linaanza pale la Pirsig linapoishia. Ukishafungua, ukabadilisha, ukafunga, ni nani anayelipa?

Tazama mabadiliko yenyewe. Kuna yale ya kazi: gadi za chuma za kukinga miguu, kalia ndefu ya mizigo, springi ngumu za nyuma, kiti kilichoongezwa sponji, mwavuli. Kuna yale ya urembo: stika yenye dua ya mama, taa za bluu chini ya tangi, nyuzi za rangi kwenye mikono ya usukani. Haya yote mwenyewe anayalipia, kwa pesa, kwa petroli ya ziada, au kwa kuchekwa na wenzake steji. Halafu kuna aina ya tatu. Taa nyeupe kali inayompofua anayekuja mbele. Vioo vya kutazama nyuma vilivyong'olewa ili upenye foleni. Na ekzosi iliyokatwa, ikatolewa vile vijumba vya ndani vinavyomeza kelele, ikafungwa tena ikiwa mtungi mtupu. Hapa faida inashuka kwa mmoja na gharama inashuka kwa wengine ambao hawakuulizwa.

Mji wa Kale ndio mahali pabaya zaidi pa kufanyia jaribio hilo. Njia zetu ni nyembamba, kuta zake ni za mawe ya matumbawe, ndefu, zinatazamana. Sauti ikiingia haina pa kutokea, inagonga huku na kule na kupanda mpaka kwenye madirisha. Watu wamekaa barazani, hatua moja kutoka kwenye tairi lako. Juu ya kichwa chako kuna roshani, na nyuma ya roshani kuna mtu amelala.

Na roshani hizo zina somo. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi tangu 1990. Nyumba inaweza kuwa yako, umeirithi kwa babu, una hati, lakini ukitaka kung'oa mlango wa nakshi au kubomoa roshani, kuna ofisi ya Makumbusho ya Taifa unayopaswa kuiuliza kwanza. Wako wanaonung'unika, wengine kwa haki kabisa, maana kutengeneza nyumba ya zamani kwa masharti ni ghali. Lakini wazo lililo nyuma ya sheria ile tunalielewa sote bila kusomeshwa. Ndani ya nyumba ni mwako. Uso wa nyumba ni wa mtaa.

Nilikuwa nimeridhika na wazo hilo mpaka lilipobishiwa mlangoni.

Jirani yangu, kijana wa boda wa miaka ishirini na kitu, alinikuta nimepiga magoti Jumapili moja, akachuchumaa. Alikuwa na ombi.

"Kaka, nitolee zile takataka za ndani ya ekzosi. Wewe una gurainda."

Nikamwambia zile si takataka. Nikamwambia juu yetu kuna bi mzee mwenye presha, na nyumba ya pili kuna mtoto hana hata arubaini. Akanisikiza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akaniambia jambo ambalo sijaacha kulifikiria.

"Waona, kaka, watu hawanioni. Navaa reflekta, nawasha taa mchana, lori lanibana kama sipo. Wakinisikia ndo wanipisha. Na usiponifanyia wewe, yuko fundi mwengine, nusu saa tu."

Ni rahisi kumjibu kijana huyo kwa sheria. Kanuni za NEMA za mwaka 2009 kuhusu kelele na mitetemo zinakataza kelele kubwa zisizo na sababu, na ekzosi mtupu haina wakili mzuri mbele yake. Lakini sheria haikujibu alichosema. Alisema haonekani. Anabeba watu wa mji huu kutwa, na mji unamtazama kama nzi. Kelele ni kitu pekee anachoweza kukinunua kwa bei ndogo kikamfanya awe mkubwa. Tena kisiwa hiki hakijawahi kuwa kimya. Matatu zinapiga muziki, arusi zinafunga njia, pikapu inapita na spika nne ikitangaza magodoro, siasa zinakuja na honi. Kwa nini adabu ya ukimya ianzie kwa aliye na kipato kidogo kuliko wote hao?

Nimeipima hoja hii kwa muda mrefu, na naona ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba tunawakemea wanyonge upesi kuliko wakubwa. Lakini arusi ina mwanzo na mwisho, na majirani hualikwa, hata kama ni kwa sahani ya biriani tu. Kelele ya ekzosi haina mwaliko. Zaidi ya hayo, haimfikii yule aliyemdharau. Dereva wa lori kule Makupa amefunga vioo na redio inalia. Anayeipokea kamili ni bi mzee wa Kibokoni, ambaye kila asubuhi humwambia kijana huyo huyo "Mungu akupe, mwanangu." Dhuluma ya barabarani inapandishwa pikipiki na kuletwa nyumbani kwa watu wasiohusika. Kudai haki yako ni jambo jema, ila uidai kwa mdaiwa.

Na ile hoja nyingine, kwamba nisipofanya mimi atafanya mwingine? Ni kweli pia, na ndiyo maana ni hatari. Ukiikubali, hakuna kazi chafu ambayo utaikataa, kwa sababu daima yuko mwingine. Mikono yangu haiwezi kuamua matokeo ya mtaa mzima, inaamua tu ni nini kinachotoka mikononi mwangu. Anayejua kufungua ana wajibu ambao asiyejua hana. Asiyejua gurainda ni nini, hakuna atakayemwomba aitumie.

Wakati nikiwaza hayo nilikuwa natazama video za mchezo mmoja wa pikipiki unaoitwa trials, ambao Waskochi na Waingereza wanaushindania tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Pikipiki zake ni nyepesi ajabu, karibu hazina kiti, na wenyewe wengi huzifungua na kuzifunga gerejini kwao. Kazi yake ni kupanda mawe, magogo na makorongo. Wanaoushindania hawashindani kwa mbio. Ukigusa ardhi kwa mguu, unaongezewa pointi ya adhabu, na mwenye adhabu chache ndiye bingwa. Kwa miaka mingi zilikuwa za kiki tu, kwa sababu betri na stata ni uzito, na kila gramu ilihesabiwa. Sasa baadhi zimewekwa stata. Injini ikizimika umesimama juu ya jiwe linaloteleza, kitufe kinakuokoa pale mguu ungekuponza.

Nilichokipenda ni kwamba huu ni mchezo wa kwenda polepole. Ustadi wote uko kwenye klachi, mizani na subira. Nikamkumbuka kijana wangu. Nimemwona akipita Marikiti saa tano asubuhi, na abiria na gunia la viazi, kati ya mkokoteni na tuk-tuk, kwa mwendo wa mtu anayetembea, miguu yote miwili juu, bila kumgusa mtu. Wale wa Uskochi wangempigia makofi. Sisi hatupigi, kwa sababu ustadi wa polepole hauna sauti. Pengine hapo ndipo kosa letu kama mtaa. Kama tungekuwa tunamwona akifanya lile lililo gumu, asingehitaji kutulazimisha kumsikia.

Sikumkatia ekzosi. Alikwenda kwa fundi mwengine, kama alivyoahidi, na kwa wiki kadhaa tulimsikia tangu Ndia Kuu akirudi nyumbani. Kisha stata yake ikafa, usiku, baada ya mvua, na akaja kugonga kwangu.

Hapo swali liligeuka. Je, nikimtengenezea stata, si ninaiwasha kelele ile ile niliyokataa kuitengeneza? Kuna watu wenye msimamo mkali wangesema ndiyo, mwache apige kiki mpaka ajifunze. Mimi sikuona hivyo. Stata ni kazi yake, na kazi yake ni unga wa mamake. Kumnyima mtu riziki ili umfunze adabu ni kumlipisha mara mbili, na mwalimu wa namna hiyo hafundishi kitu ila chuki. Tukatoa kifuniko, tukakuta ncha ya waya imeliwa na chumvi mpaka imebaki nyuzi mbili tatu. Nikampa mita ashike mwenyewe, apime mwenyewe, akaze mwenyewe. Ilipowaka nikamwambia bei yangu si pesa. Usiku, akifika kona ya msikiti, azime injini na asukume mpaka mlangoni. Ni hatua hamsini. Akacheka, akasema nimemgeuza mkokoteni. Lakini kuna usiku anaposukuma, nasikia cheni ikizunguka taratibu gizani, na najua ni yeye.

Huenda teknolojia itatumalizia ugomvi huu. Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua hapa hapa Mombasa mpango wa pikipiki za umeme. Zinapita bila ekzosi, na masikio ya bi mzee yatapona. Nazitakia heri. Lakini zinalirudisha lile swali la mwanzo kwa mlango wa nyuma. Katika mfumo wa kubadilishana betri, pikipiki unaweza kuinunua lakini betri si yako, unaichukua ikiwa imejaa na kuirudisha ikiwa tupu. Ndani yake kuna programu ambayo msasa na vaselini haviifikii. Wahenga walituonya kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako. Huko Ulaya jambo hili limefika bungeni, na mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kutengeneza, inayowataka watengenezaji wa bidhaa kadhaa wakubali kuzitengeneza zikiharibika na wasiweke vizuizi kwa mafundi wengine. Sisi tuliozaliwa na spana mkononi tulipaswa kuwa wa kwanza kudai hivyo.

Ila tukidai, tudai kwa ukamilifu. Nimefikia kuamini kwamba "yangu" ina maana moja tu inayosimama: ni kile ambacho niko tayari kuulizwa juu yake. Logibuku haisemi hivyo, wala mkono mweusi wa oli hausemi hivyo peke yake. Kampuni ikitaka kushika funguo zote za betri, basi iulizwe juu ya kila kijana atakayekwama nayo Likoni saa sita usiku. Nami nikitaka kushika spana, niulizwe juu ya kila sauti, kila mwanga na kila tone linalotoka chini ya ngazi zangu. Nikimwaga oli, lita moja hivi, ni changu kujua inaishia wapi, kwa sababu mfereji wa mbele ya nyumba yetu unateremka kuelekea baharini, na samaki wa huko ndio tunaowala Ijumaa. Mimi huitia kwenye galoni, na seremala mmoja huichukua kupaka mbao zake zisiliwe na mchwa.

Jumapili hii nina kaboni za stata za kubadilisha. Kijana amesema atakuja kutazama.